Mwaka Tulioupa Moto Mgongo

Hakuna kitu katika dunia hii kinachoweza kunishangaza mimi, na sisemi hivyo kwa majivuno. Nilianza maisha na darasa la tatu na kaptura moja. Leo nina malori matatu, mashine ya kukoboa na kusaga, na nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Masasi ambayo wenye vyeti vyao huja kuomba chumba cha kupanga. Mtu aliyepanda namna hiyo, tena bila kushikwa mkono, ameshaona yote. Kwa hiyo Kashindye alipofariki sikushangaa. Alikuwa dereva wangu wa kwanza, kifua kilikuwa kimemsumbua tangu mvua za mwanzo, na mimi ndiye niliyekuwa nampeleka hospitali. Nilitoa mbao za jeneza, nikatoa lori la kubeba watu, nikatoa mchele. Tulipomaliza kumfukia na watu kuanza kutoka makaburini, niligeuka nyuma kuangalia kama makoleo yangu yamekusanywa, maana makoleo ya msibani hayarudi. Mkono ukanibana kiwiko. Alikuwa Chilumba, mzee sasa, meno yamebaki ya kuhesabika, amekuja kwa basi kutoka Newala. "Usigeuke, Bwana Moto," akasema. "Au umesahau?" Jina hilo sikuwa nimeitwa kwa karibu miaka thelathini. Tulitembea mpaka barabarani bila kutazama nyuma, mimi na yeye, kama watu wazima waliolelewa, na makoleo mawili nikayapoteza kweli.

Mwaka niliopewa jina hilo Mwingereza alikuwa bado yupo, ingawa watu walishaanza kuulizana kwa sauti ya chini ataondoka lini. Mimi nilikuwa utingo wa lori la maji Newala, kijana wa Chiungutwa niliyepanda mlima kutafuta kazi. Asiyejua uwanda wa Makonde niseme tu kwamba kule juu ardhi inameza mvua yote na hakuna kijito. Maji yalikuwa chini ya mteremko, wanawake wakishuka alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limewaka. Kiangazi kilichotangulia mashamba mengi ya mikorosho yalikuwa yameungua, na ghala la karanga la serikali liliponea chupuchupu. Bwana DC akaamua wilaya iwe na mpango wa moto: lori lenye tangi, mapipa, walinzi, na mtu mmoja wa kusimamia. Walitafuta mtu wa darasa la nane. Wa darasa la nane waliomba viatu kwanza. Mimi niliomba kazi. Nilijua mambo mawili ambayo wao hawakuyajua: maji yako wapi, na lori lile linakataa kuwaka lini. Nikapewa mpaka mvua zinyeshe. Kama kiangazi kingepita bila shamba la mtu kuungua kwa uzembe wetu, ningethibitishwa kazini, na kofia juu.

Nieleze kazi yenyewe, maana siku hizi watu wanadhani kuzima moto ni kumwaga maji. Kuzima moto ni kupanga vitu kabla moto haujafika. Niliweka mapipa kwenye baraza, sokoni na ghalani. Wiki haikuisha, yakawa makavu. Watu walikuwa wanachota, na ukiwaangalia usoni huwezi kuwalaumu, maji ya bure mbele ya mlango wao na kisima kiko chini ya mlima. Nikatia majani ya mwarobaini kwenye kila pipa, yawe machungu. Wakaanza kuchota zaidi, wakisema serikali imeleta dawa ya homa. Mwishowe nikahamisha mapipa nikayaweka ndani ya uzio wa watu wagomvi, na hapo hayakupungua hata kata moja. Vipigio vya moto tulitengeneza kwa vipande vya matairi vilivyopigiliwa kwenye fimbo. Navyo vikaanza kupotea, nikaona ndala mpya za matairi kila njia. Nikaagiza mpira ukatwe vipande vyembamba visivyotosha unyayo wa mtu yeyote. Huo ulikuwa ubunifu wangu mimi, Bwana DC aliusifu. Lori halikuwa na betri ya maana, liliwaka kwa kusukumwa, kwa hiyo niliamuru lilale daima kwenye mteremko wa Mkunya, pua ikitazama chini, tangi limejaa. Na juu ya mti pale kituoni tulitundika kipande cha reli, kikigongwa kinasikika mpaka vijiji vya pili.

Kuzuia kulikuwa kazi ngumu kuliko kuzima. Moto wa Newala hauwashwi na maadui, unawashwa na njaa na mazoea. Mtu anachoma majani apate panya. Mwingine anapanda mti na mwenge kufuata asali. Mama anapika chini ya paa la nyasi kwa sababu mama yake alipika hapohapo. Nilitembea uwanda mzima kwa baiskeli, mpaka njia ya Tandahimba, nikihamisha mafiga. Tangu mwisho wa Julai hakuna aliyeruhusiwa kuwasha moto wa shamba bila mimi kusema ndiyo. Wazee walioweza kunizaa mara mbili walikuja kuniomba. Siwezi kusema sikuona raha.

Nilipanga chumba Mkunya kwa Mama Anjela, mjane, Mkristo wa misheni. Alikuwa mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, ukuta wa udongo, vipigio vimeegemezwa pembeni, harufu ya petroli imeganda kwenye blanketi. Ukuta ulikuwa mwembamba, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kulala mapema, nilisikia mengi. Jioni tulikula ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa karanga, na kiangazi kilipokolea tulikula ming'oko, vile viazi vya porini virefu, amechemsha chungu kizima. Binti yake Anjela alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana huko Masasi mwaka unaofuata. Ada ingetoka kwenye korosho. Mikorosho ilikuwa imeachwa na marehemu mumewe, safu kando ya barabara na nyingine nyuma, na wakati ule ilikuwa na maua na vikorosho vidogo vibichi. Usiku mmoja nilimsikia kaka yake akimwambia upande wa pili wa ukuta, "Huyo kijana wako wa moto ana maneno mengi." Mama Anjela akajibu, "Maneno hayaunguzi. Na yeye akiwa hapa, najua lori liko hapa." Nilijigeuza kitandani nikiwa nimeridhika kabisa. Mara nyingi akiniwekea chai alikuwa akiuliza swali lilelile, "Barnaba, mikorosho yangu?" Nami nilijibu lilelile: "Mama, hata jani moja."

Ilikuwa Septemba mzee Nantimba alipokuja. Alikuwa ngaliba, mkuu wa jando la Mkunya, na vijana wake walikuwa kumbini porini kwa miezi miwili. Alikuja na wazee wawili, akakataa kiti, akaketi mkekani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Moto?"

"Mimi ndiye msimamizi wa moto."

"Moto nimeuona tangu nizaliwe. Msimamizi wake sijapata kumwona. Haya. Vijana wanatoka Jumamosi. Kumbi litachomwa."

Kila mtu wa kwetu anajua, kumbi halibaki. Siku ya kutoka, vijana wanaogeshwa, wanavikwa nguo mpya, na kibanda walichokaa kinachomwa na kila kilichomo, mikeka, vyungu, yote. Wao wanaondoka na hawageuki. Nilimuuliza ameomba ruhusa kwa nani. Akaniambia kwa upole kwamba hakuja kuomba, amekuja kunijulisha nisije nikakimbia na pipa langu. Nikamwambia sheria ni sheria. Akasema sawa, sheria yangu inasemaje. Hapo nikajua nimeshinda, nikamtajia: kuzunguka kumbi pafyekwe pana, ardhi ionekane, moto usibebwe kwa makaa kutoka kijijini kupita kwenye nyasi kavu, bali uwashwe palepale kwa kiberiti, nami nitatoa changu, na walinzi wangu wasimame kuzunguka mpaka umalizike.

"Kufyeka tutafyeka," akasema. "Kiberiti, nipe. Walinzi wako wamepita kumbini?"

"Wote."

"Basi wao watakwambia."

Nikawageukia walinzi. Walikuwa wamekaa kando wakimenya ming'oko, na wote ghafla wakawa na kazi kubwa ya kumenya. Chilumba ndiye aliyesema, alikuwa kijana mwenye domo. "Bwana Moto, kulinda tutalinda. Ila kutazama hatutazami."

"Unalindaje moto bila kuutazama?"

"Kwa mgongo. Tutausikia."

"Mke wangu ana mimba," mwingine akasema. "Mimi sigeuki hata nikilipwa mara mbili."

Nikawauliza kama wao ni walinzi wa serikali au vigori. Chilumba akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama mimi siku ya kumbi langu niligeuka. Mimi nilipita jando la kanisa, padri akiwa na msalaba wake shingoni, na hata hilo tuliondoka tukitazama mbele. Kashindye, dereva wetu, alikuwa amelala chini ya lori, miguu nje. Alikuwa Msukuma, ameletwa kusini na kazi za reli akabaki, na kwao hakuna jando. Nikasema, basi Kashindye atatazama, yeye hana mwiko.

Nantimba akaangalia ile miguu. "Yule mtoto? Mtoto hakaribii kumbi."

Kashindye akatoka chini ya lori akijipangusa mikono. Alikuwa na masharubu kama ufagio. "Baba, mtoto huyu ana watoto wanne."

"Basi kwako mko watoto watano," Nantimba akasema, na wazee wake wakacheka mpaka wakashikana magoti.

"Kwetu tunachinja ng'ombe," Kashindye akasema. "Hatuchinji watu."

"Ndiyo maana ng'ombe wenu wanawazidi akili."

Wakataniana hivyo kwa muda, mimi nikifikiri. Wanaoruhusiwa kukaribia hawaruhusiwi kutazama, na anayeruhusiwa kutazama haruhusiwi kukaribia. Mwenye cheti angeandika barua mkoani. Mimi nilitatua palepale. Nilisema lori litasimama barabarani, kwenye kile kilima cha juu, pembeni ya shamba la Mama Anjela. Kutoka juu ya tangi mtu anaona ndimi za moto na moshi, kumbi lenyewe halioni. Kashindye atasimama pale na kile kipande cha reli na nyundo. Moto ukivuka ardhi iliyofyekwa, atagonga. Walinzi wakisikia, watageuka.

"Na wakigeuka watakuwa wameona kumbi," mlinzi mwenye mke mjamzito akasema.

Tukamtazama Nantimba. Alifikiri sana, kwa haki kabisa, kama hakimu. "Moto ukiwa ndani ya mstari ni wa kumbi. Ukivuka si wa kumbi tena, ni moto tu. Mnaweza kuutazama." Kisha akaninyoshea kidole. "Lakini ukishakuwa wa nje, ni wako. Usije kwangu."

"Ni wangu," nikasema, mbele ya watu wote. "Moto wowote nje ya mstari ni wangu."

Mama Anjela alikuwa mlangoni. Aliuliza jambo moja tu, lori litasimama wapi hasa. Nikamwonyesha. Akasema chini ya mikorosho yake ameshafagia majani, hakuna hata kijiti, lakini zile nyasi za pembeni ya barabara ni za watu wa barabara, naye hakuthubutu kuzigusa tangu jirani yake alipotozwa faini kwa kuchimba hapo. Nikamwambia asijali, lori litakuwepo. "Utalala usingizi, Mama."

"Sitaki kulala," akasema. "Nataka niikute."

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na nalitaja kwa sababu kesi nzima ilikalia hapo. Pale juu ya kilima ni tambarare. Lori likizimwa pale haliwaki bila watu wanane wa kusukuma, na watu wote wanane wangekuwa kumbini. Kwa hiyo nilimwambia Kashindye, Ijumaa jioni, mbele ya Chilumba: "Injini isizimwe. Na macho yako yasitoke kwenye ule moto, hata nyoka akipita." Kashindye akasema, "Ndiyo, Bwana Moto." Alikuwa mtu wa kufuata neno kama lilivyo. Ndiyo sababu baadaye nilimwajiri miaka ishirini na kitu bila kugombana naye.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanda kama kawaida yake, kisha jua likaunyanyua. Vijana walitolewa wakiwa wamepakwa mafuta, nguo mpya zina mikunjo ya dukani, wamekonda, macho chini. Nilisimama na walinzi nje ya mstari uliofyekwa, kila mtu na kipigio chake. Nantimba alichukua kiberiti changu, kipya, sijakichoma hata njiti. Njiti mbili zilizima. Ya tatu ikashika. Akakitia kiberiti ndani ya shuka yake, akawatanguliza vijana, wakaondoka wakiimba, na sisi sote, watu wa serikali na vipigio vyetu, tukageuka tukaupa moto mgongo.

Nami niligeuka, niseme ukweli. Msimamizi hawezi kufanya tofauti na watu wake. Nakumbuka joto likipanda shingoni, na mlio, kwanza kama mtu anavunja vijiti, halafu kama mvua kubwa juu ya bati. Vyungu vilipasuka kimoja kimoja. Halafu nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Cheche zilikuwa zinapita juu ya vichwa vyetu na kuanguka mbele yetu, kwenye nyasi, na kwa kuwa kila mtu alikuwa anatazama nje, hakuna hata moja iliyomponyoka. Ikianguka, kipigio. Ikianguka, kipigio. Tungekuwa tumetazama kumbi, kama nilivyotaka mimi, cheche zile zingewaka nyuma yetu sisi tukikodoa macho. Baadaye nilipokuwa na ghala langu mwenyewe niliwafundisha walinzi wangu hivyohivyo, na hawajui nilikotoa. Kazi ile ilikwenda vizuri kuliko kazi yoyote ya moto niliyoiona kabla na baada. Nyuma yetu kumbi lilianguka, likatulia, likabaki kutoa moshi tu.

Chilumba alikuwa upande unaotazama barabara. "Bwana Moto," akasema. "Lori linatoa moshi."

"Lori lile la zamani. Lazima litoe."

"Linatoa chini."

Nikatazama. Kashindye alikuwa amesimama wima juu ya tangi, nyundo mkononi, macho yamekazwa kwenye moshi wa kumbi kama nilivyomwagiza, haangalii kushoto wala kulia. Chini yake, pale bomba la moshi lilipokuwa limeinamia nyasi za watu wa barabara, kulikuwa na wingu jeupe, na ndani ya wingu rangi nyingine. Tukapiga kelele. Injini ilikuwa inanguruma, na kijijini akina mama walikuwa wameshaanza vigelegele. Kashindye akaona tunapunga vipigio, akadhani tunamwambia kazi imekwisha salama. Akanyanyua nyundo kutupungia naye.

Tulikimbia. Upepo wa uwandani huanza saa ileile jua linapokolea, na siku ile haukuchelewa. Harufu ilipomfikia, Kashindye aliruka chini, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa lile alilofundishwa na kila bwana aliyemfanyia kazi: aliokoa gari la serikali. Akaingia, akalitoa motoni, akaliteremsha na barabara mpaka pale linapoweza kugeuka. Kwa hiyo sisi tulifika na vipigio, na maji yakawa yanatuacha, tangi zima, yakishuka kuelekea Newala. Mwali ulipita kwenye nyasi ukaingia kwenye safu ya kwanza. Mkorosho una mafuta, ukishika hausitisiti. Lori liliporudi tukamwaga mpaka tone la mwisho, na safu ya nyuma tukaiokoa. Mimi nilikuwa na malengelenge mikono yote miwili. Ya mbele ilikuwa imekwisha.

Akina mama walikuja kutoka kijijini wakiwa bado na unga kwenye paji la uso, ule wa kuwapokelea watoto. Mama Anjela alipita katikati yetu akaenda akashika shina la kwanza, akaondoa mkono kwa sababu lilikuwa la moto. Akasimama hapo. Nilijiandaa kwa lolote atakalosema, na nilikuwa na majibu. Akasema, "Barnaba, chai yako iko jikoni. Itapoa."

Nantimba alifika nyuma ya watu wote. Hakunicheka. Aliangalia kule kumbi lilikokuwa, aliweza sasa, kazi yake imekwisha. "Wetu umelala palepale tulipouwasha," akasema.

Kesi ilisikilizwa kwenye baraza la Liwali, Newala, wiki iliyofuata. Serikali ilisema gari lake halina kosa, lilikuwa limesimama tu. Kwa hiyo alitafutwa mtu. Usiku wa kuamkia kesi, Kashindye alikuwa amekuja chumbani kwangu akakaa juu ya pipa tupu. Alisema yeye hana cha kupoteza. Akipatikana na kosa la uzembe watamfukuza, atarudi kwao kwenye ng'ombe wanaomzidi akili. Mimi ndiyo kwanza naanza, kofia yangu inakaribia, akiba yangu ya kufungua duka iko kwenye debe chini ya kitanda. "Nitasema niliacha injini mwenyewe, kwa uvivu," akasema. "Wataamini. Mimi ni mtoto." Mke wake alikuwa na mtoto wa mwezi mmoja.

Barazani Liwali aliuliza, "Nani alisema injini isizimwe?"

Kashindye akasimama. "Mimi, Bwana. Nilijiamulia."

Watu wakaguna. Na mimi, nilipolisikia lile neno, kwamba yupo mtu mwingine aliyejiamulia jambo la moto katika wilaya ile, kitu kilinipanda kutoka miguuni. Miezi yote ile nilikuwa nimezunguka na baiskeli, nimehamisha mafiga, nimekata matairi, wazee wameniomba ruhusa. Nikasimama bila kuitwa.

"Mwongo huyo," nikasema. "Tangu kiangazi kianze, hakuna amri ya moto Newala nzima iliyotolewa na mtu mwingine isipokuwa mimi. Injini, nyundo, mahali pa kusimama, yote ni mimi. Huyu hawezi kujiamulia hata kukohoa."

Liwali akaniangalia juu ya miwani. "Unakiri au unajisifu?"

"Naeleza kazi ilivyokuwa."

Nyuma yangu mtu mmoja akamwambia mwenziwe, "Huyu amejinunulia kesi kwa bei ya jumla." Chilumba akaitwa shahidi, akasema alinisikia kwa masikio yake, na kwamba pia nilisema moto wowote nje ya mstari ni wangu. Nantimba akaitwa, akasema hivyohivyo. Haikuchukua muda. Liwali alisema mikorosho imehesabiwa, kila mmoja uwekewe thamani ya mti unaozaa, na aliyetoa amri ndiye atakayelipa, kwa sababu amejitaja mwenyewe na baraza halina sababu ya kumbishia.

Kofia sikuipata. Mwaka uliofuata msimamizi alikuwa wa darasa la nane, mwenye viatu, na mimi nikashuka Masasi kuuza karanga kwa kibaba. Kashindye alibaki na kazi yake mpaka siku niliponunua lori langu la kwanza, bovu, la kusukuma, akaja bila kuuliza mshahara. Anjela alikwenda shule Januari kwa fedha niliyolipa, na siku hizi ni mwalimu mkuu na hunisalimia barabarani. Mama yake aliendelea kunipikia mpaka nilipohama, chakula kilekile, ila lile swali la mikorosho hakuniuliza tena, na nakiri nyumba ilikuwa kimya zaidi.

Barabarani siku ya mazishi, tukisubiri lori limalize kushusha akina mama, Chilumba alisema, "Tumemzika mtoto mzee kuliko wote Masasi." Tukacheka kidogo, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwa amewahi kuniuliza: yale maneno yangu barazani, yalinigharimu kiasi gani hasa. Watu husema mengi juu yangu, kwamba nilifilisika, kwamba nilisamehewa, kwamba Mzungu alinilipia. Nilimwambia kilicho kweli. Mikorosho kumi na mmoja, shilingi ishirini na tano kila mmoja. Shilingi kumi ada ya baraza. Na kiberiti, ambacho mzee Nantimba hakukirudisha. Shilingi mia mbili themanini na tano na senti kumi.